Anayekula Peke Yake

Mkahawa wa Hoteli ya Burdette
Marlow, Indiana
27 Julai 1953

Kwa Bwana Delbert Pruitt, mchezaji besiboli wa kulipwa, popote alipo:

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mpishi, ninatangaza kwamba meza ya nne ya mkahawa huu haitikisiki tena. Imetikisika tangu nilipoajiriwa. Imemwaga kahawa ya hakimu na supu ya mchungaji bila ubaguzi. Leo asubuhi nimekunja ukurasa wa michezo wa gazeti, nikausukuma chini ya mguu wake mmoja, na amani imerejea. Hotuba hazikutolewa.

Nakwambia hivi kwa sababu kwenye ukurasa huo lilikuwemo jina lako. Au tuseme halikuwemo. Jumanne upo. Jumatano hupo. Alhamisi na Ijumaa upo, Jumamosi nafasi yako kule upande wa kulia wa uwanja kasimama mtu anaitwa Vance. Jumapili umerudi. Del, mdogo wangu, mtu mzima haugui kwa kuwaka na kuzima kama taa ya kibarazani. Unakunywa? Umevunjika mahali? Kama umevunjika niambie ni wapi, nijue nianze kulia upande gani.

Mimi mzima. Wachezaji wa Marlow wanalala ghorofani hapa na jioni wanakula kwangu, na mmoja wao, mrushaji mashoto, mrefu, anaitwa Gaskill, anaacha sahani safi. Bwana Burdette hajui kwamba mhudumu wake ana ndugu katika timu ya Corwin. Ana hisa katika timu ya Marlow na ataniona jasusi.

Kuhusu meza hiyo ya nne, nimegundua jambo. Kila jioni kabla ya mechi mrushaji mmoja hukaa hapo peke yake. Wenzake wanampita kama ana ndui. Hakuna "vipi ndugu yangu", hakuna "nisogezee chumvi". Mwanzoni nilidhani wamegombana, nikampa mtu wa watu kipande cha pai cha huruma. Kesho yake ndiye aliyepanda kile kilima kidogo cha uwanjani kuwarushia wapigaji mpira. Nikatazama jioni nyingine, na nyingine tena. Anayekula peke yake ndiye mrushaji wa kesho. Wanamwachia akili yake. Wanaamini ukimsemesha unaimwaga.

Barua hii nampa Cletus wa gari la mkate, anayetoka hapa alfajiri na kufika kwenu hamjanawa uso. Posta ni ya watu wasio na haraka. Nijibu.

Dada yako,
Dessa


Corwin, Illinois
29 Julai

Dada Dessa,

Ni kidole tu. Mpira ulinigonga kidole, kikavimba, sasa uvimbe unashuka. Siku kikiuma napumzishwa, siku kisipouma nacheza. Usimwambie mtu. Wala usiwe na wasiwasi, mimi mwenyewe sina wasiwasi hata kidogo.

Kuna jambo dogo tu. Mwisho wa Agosti meneja wetu, Mzee Haskell, lazima apunguze mtu mmoja. Watu wanasema hili na lile. Mimi sisikilizi. Soksi zangu sijazifua tangu nilipopiga vizuri dhidi ya timu ya mtoni, na wenzangu wameanza kulalamika, lakini mtu hafui bahati.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anakohoa. Msimamizi wa machimbo ya mawe kaniandikia kwamba nafasi yangu ipo bado. Kaandika kwa wema kabisa. Nimeichana barua yake.

Del


Marlow
3 Agosti

Del,

Kidole chako nimekiombea, kisha nikakichunguza.

Nilichukua magazeti yote ambayo mpishi huwa anafungia samaki, nikatazama ni siku zipi kinauma. Kidole hiki ni cha ajabu. Timu pinzani ikimweka mrushaji wa mkono wa kulia, kinapona. Ikimweka mashoto mwenzako, kinavimba. Daktari anayekijua kidole cha namna hii hakuna, kwa hiyo nikamuuliza Gaskill. Nilikuwa namwagia kahawa. Nikamwambia, "Hebu nieleze kama kwa mtoto. Kwa nini mpigaji mashoto afichwe siku mrushaji naye ni mashoto?"

Akacheka mpaka akaweka uma chini. "Bibie, kwa sababu ya watu kama mimi."

Akachukua kitumbua cha sukari akanionyesha. Mrushaji wa mkono wa kulia mpira wake mpigaji mashoto anauona tangu unatoka mkononi. Lakini akirusha mashoto, mpira unatokea nyuma ya bega la mpigaji, unakuja kama unataka mbavu zake, mwenyewe anakunja goti, na wakati huo mpira umeshapinda umekwenda zake nje kama mtu aliyebadili mawazo. Kwa hiyo mameneja wanaweka watu wawili kwa nafasi moja. Mashoto anapiga siku za mkono wa kulia, wa mkono wa kulia anapiga siku za mashoto. Kila mmoja ni nusu mtu.

"Na hiyo nusu inajisikiaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi ndiye ninayewakata."

Kitumbua akakila. Sasa wewe acha kidole, uniambie ukweli. Nimekubeba mgongoni ukiwa na tetekuwanga, siwezi kudanganywa na barua.

Dessa


Corwin
5 Agosti

Dada,

Haya. Ni kweli.

Mimi na Orrin Vance tuko kama wake wenza. Zamu yangu, zamu yake. Tunalala chumba kimoja, tunatumia sabuni moja, na kila asubuhi kila mmoja anamwombea mwenzake mabaya kimyakimya halafu anamuuliza kalalaje. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Juzi kaniazima tai.

Nilimwambia Mzee Haskell, "Mzee, nitajifunzaje kuwapiga mashoto kama sikutani nao?"

Mzee akatema tumbaku yake. "Kajifunze ukiwa kwenye timu ya mtu mwingine, mwanangu."

Wakacheka wote, na Vance akacheka, kisha akaona ninamtazama akaacha.

Hujui inavyokuwa. Hatuambiwi nani atarusha mpaka tumeshafika uwanjani tunamwona anapasha mkono. Kwenye basi safari nzima natazama nje nahesabu nguzo za simu: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ikiisha kwa kushoto, mkate wangu nampa wa jirani. Sili. Nikifika na kuona ni mashoto najua nitakaa benchi na maganda ya karanga, nikiona ni wa kulia lazima nipige siku hiyo, hiyo hiyo, maana sijui nyingine ni lini. Nipe kitu kimoja tu, dada yangu. Tukija Marlow, niambie mapema nani amekaa meza ya nne. Nile chakula changu kwa amani au nikose kwa uhakika.

Na huyo Gaskill anatokea katika barua zako mara nyingi kuliko mimi.

Del


Marlow
8 Agosti, jioni

Meza ya nne: Pogue. Mkono wa kulia. Kala viazi peke yake, kajimwagia chumvi mwenyewe.

Kula vizuri.

D.


Corwin
10 Agosti

Dada Dessa!

Umeona gazeti? Usilifungie samaki hilo. Nilipanda basi nimeshajua, nikala mayai na nyama, nikalala mpaka darajani. Pogue aliponirushia mpira wa kwanza nilikuwa namsubiri kama mtu anayesubiri basi analojua saa yake. Nikaupiga, ukapita juu ya ukuta, ukaangukia kwenye kuku wa mtu.

Sasa, usikasirike. Mzee aliniuliza kwenye basi mbona nimetulia leo. Nikamwambia kwa sababu atarusha Pogue. Akaniuliza najuaje. Nikamwambia nina njia yangu. Jina lako sikulitaja. Pogue alipotokea Mzee alinitazama kama nimemtoa sungura kofiani. Tangu siku ile ananiita "mwanangu" bila kutema kwanza.

Ni jambo zuri, sivyo? Sasa ananihitaji.

Del


Marlow
14 Agosti

Del,

Sivyo.

Anaihitaji meza yangu. Wewe amekuwa akikuhitaji nusu, na bado anakuhitaji nusu ile ile, ila sasa anajua mapema ni ipi. Siku nikikwambia ni mashoto utakuwa umembebea Vance taarifa ya kazi mpaka kitandani.

Na Bwana Burdette ameanza kunusa. Jana kauliza mbele ya kila mtu, "Hivi Corwin walijuaje kuwa ni Pogue? Walikuja wamejipanga kabisa." Nikaangusha kijiko. Gaskill akaokota, akasema labda Pogue ana uso wa mtu anayerusha kesho. Wakacheka. Alinirudishia kijiko na hakuniondolea macho. Nadhani anajua. Nadhani pia hatasema. Sijui ni kwa nini nadhani hivyo, na usiniulize.

Kazi hii ndiyo inayolipa nyumba niliyopanga. Sitasema zaidi ya hapo. Lakini nakwambia kwa sababu mtu anayebeba barua zangu ana gari limeandikwa "MKATE" kwa herufi kubwa nyekundu, na halijifichi vizuri.

Dessa


Corwin
18 Agosti

Dada yangu,

Hii ni ya mwisho nakuomba, halafu sitakuomba tena maisha yangu yote.

Timu kubwa inamleta msaka vipaji wao wiki hii. Atatazama mechi moja tu kati yetu na Marlow, Ijumaa au Jumamosi, halafu anapanda treni. Atakayempenda anapanda naye daraja. Asiyempenda, Mzee ana nafasi yake ya kupunguza mtu.

Sasa sikiliza. Mzee kaniita pembeni, kaniwekea mkono begani. "Mwanangu, wewe ndiye una macho Marlow. Ijumaa asubuhi nampigia simu yule bwana kumwambia aje lini. Niambie wewe ni siku ipi watamweka wa mkono wa kulia, aje akuone unapiga."

Unaona? Siku ninaichagua mimi. Tangu nianze mchezo huu siku zimekuwa zikinichagua.

Gaskill karusha Jumapili, kwa hiyo Ijumaa anaweza kuwa yeye, au wakampumzisha mpaka Jumamosi. Upande wa mkono wa kulia ni Stokes. Ni mmoja wao tu. Alhamisi jioni tazama meza ya nne. Tazama vizuri. Usitazame kitu kingine. Kila nikifumba macho naona lile korongo la machimbo na vumbi jeupe kwenye kope za Baba.

Del


Marlow
20 Agosti, Alhamisi jioni

Del,

Nimetazama. Ni Stokes. Mkono wa kulia.

Kakaa meza ya nne tangu walipoingia mpaka walipotoka. Hakuna aliyemsogelea. Pogue alikuwa anakwenda kukaa hapo, akamwona, akageuza trei yake hewani kama mtu aliyesahau kitu. Stokes hakuinua macho. Kala nusu ya nyama. Sijawahi kumwona mrushaji kaachiwa akili yake kwa ukamilifu namna ile.

Gaskill hakukaa meza yoyote. Alikula amesimama kwenye kaunta yangu, akinisimulia jinsi mama yake alivyomfukuza bata bafuni, na mpishi akatoka jikoni kuja kusikiliza. Anayerusha kesho hachekeshi watu. Nilicheka mpaka nikaunguza mkono kwa birika, si sana.

Mwambie Mzee wako: Ijumaa. Lala, mdogo wangu.

Dessa


Marlow
22 Agosti, Jumamosi

Del,

Hii naipeleka posta. Sina haraka ya wewe kuisoma.

Jana nilimwachia mpishi meza zangu nikaja uwanjani, nikakaa juu kabisa nyuma ya mtu mwenye mwavuli ili Burdette asinione. Nikamwona Gaskill anatoka kupasha mkono. Nikadhani anamsaidia Stokes kujinyoosha. Mtu akiwa amekosea sana akili yake inamtafutia kazi za kufanya. Kisha nikamwona Vance anakwenda upande wa kulia wa uwanja, na wewe umekaa mwisho wa benchi umeweka mikono chini ya mapaja, kama ulivyokuwa unakaa kanisani. Nikamwona na bwana mmoja wa kofia ya majani, bila shaka yule msaka vipaji, anaandika. Kila Vance alipopiga aliandika. Vance aliipiga mipira ya Gaskill kama anatwanga.

Jioni nikampa Gaskill sahani yake, nikamuuliza, "Stokes yuko wapi?"

"Kwao, Kentucky. Aliachishwa kazi Alhamisi mchana."

"Aliachishwa?"

"Ndiyo maana alikuwa vile. Hujui, bibie? Mtu akiachishwa hasogelewi. Watu wanaogopa itawashika na wao. Anakula, anafunga begi, anaondoka, na hakuna anayemwambia lolote."

Nikamuuliza, "Na wewe mbona hukukaa peke yako, na ulikuwa unarusha kesho yake?"

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema alitaka kukaa kaunta. Hajawahi kuvunja mwiko ule hata mara moja, na ameuvunja ili anisimulie habari ya bata.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekaa peke yake alikuwa ameachishwa kazi, na aliyekuwa akae peke yake alikuwa ananichekesha. Kwa macho, mwiko ule na huu haina tofauti yoyote: meza moja, kiti kimoja, na watu wanaogeuza trei. Nimeutazama mkahawa huu msimu mzima nikajiona profesa. Na huyo Stokes sikumpa hata kipande cha pai, kwa sababu nilidhani namheshimu.

Nimemwambia Gaskill asinisemeshe. Sijui nitaweza mpaka lini.

Nisamehe, Del. Nilitazama kitu kingine.

Dessa


Corwin
24 Agosti, Jumatatu asubuhi

Dada Dessa,

Sijapata neno lako tangu Alhamisi na najua unajiuma vidole. Acha. Hukunidanganya, wao ndio waligeuza. Nilikasirika Ijumaa, sikatai. Nilimwita Cletus jina baya na hakuwa amefanya lolote. Jumamosi wakamweka Pogue, nikaupiga mpira ukagonga bango la dawa ya kikohozi kule mwisho wa uwanja, watu wakasimama. Yule bwana alikuwa ameshapanda treni.

Lakini sikiliza, mambo yamegeuka.

Kwanza, Vance amechukuliwa. Anaondoka leo. Kwa hiyo nafasi haina tena mke mwenza. Ni yangu, kulia na kushoto. Mtu mwingine wa nafasi ile hayupo, ila jana wametuletea kijana kutoka Ohio anayepiga upande wowote, kulia au kushoto, anageuka tu kutegemea na mrushaji. Sijui watamweka wapi. Mpole, hana hata mchezo wa maneno.

Pili, na hili ndilo ninalotaka kukwambia. Leo asubuhi nimeshuka kula, nikakaa, na hakuna mtu aliyekaa nami. Hakuna hata mmoja. Vance mwenyewe alikuwa ameshaweka sahani mezani pangu, akaiinua akahamia kule kwa wengine. Nikasema, "Vipi, nanuka? Soksi nimefua." Hakuna aliyecheka. Wameinamia mayai yao. Nikaomba chumvi, ikaletwa na mhudumu.

Mwanzoni nilitaka kuinuka niwafuate. Kisha nikakukumbuka wewe na meza yako, nikaelewa. Wameambiwa. Mzee atakuwa amewaambia kuanzia leo nacheza kila siku, hata dhidi ya mashoto, na wao wananiachia akili yangu. Sijawahi kupewa heshima hii, Dessa. Nimekula mayai yote. Ni mara ya kwanza tangu Juni nimekula bila kuhesabu nguzo.

Mzee ameniita ofisini saa nne. Nampa Cletus hii sasa hivi, nikitoka huko nitakuandikia yote. Mwambie Gaskill ajiandae.

Mdogo wako,
Del


Marlow
24 Agosti, mchana

Del,

Cletus kanipa barua yako saa saba. Barua zetu zimepishana, na yangu iko kwenye mfuko wa posta mahali fulani kati ya hapa na huko. Ikifika usiifungue kwanza. Utakapoisoma hii utakuwa umeshatoka ofisini kwa Mzee.

Usiende machimboni. Cletus anasema ukikaa nyuma na trei tupu hataki nauli. Shuka hapa, ingia kwa mlango wa jikoni. Meza ya nne nimeiwekea kitambaa na nitakaa nawe, na Burdette akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa nimekaa.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye kaunta, Gaskill akaniuliza kuna nini, nikaenda kutafuta kitambaa. Nilipofika pale pa mayai nilitaka kuyaamini pamoja nawe.

Lakini wewe si mrushaji, Del. Wewe ni mpigaji.

Dessa